Fundi Funguo Nje ya Mlango Wake

Jumapili, 2 Juni

Baba Kipipa,

Sasa hivi mwanao amenipanda mapajani, akaniingiza ufunguo sikioni, akauzungusha, akasema "ta!" Kisha akachungulia ndani kuona kama nimefunguka. Nimecheka mpaka kalamu imenitoka mkononi. Ndiyo kwanza nilikuwa nakaa kukuandikia, kwa hiyo salamu zake zimetangulia zangu.

U hali gani huko? Blanketi wamekupa? Kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima. Kipipa ameota jino jingine na anakula kama analipwa. Kazini kwa dobi ni pasi zilezile na moto uleule. Bibi mwenye duka bado ananiita "binti" akiwa radhi na "wewe" akiwa amenuna. Wiki hii nimekuwa "wewe" kutwa.

Dada yako ameniambia hapo kwenye nyumba ya matibabu simu huachwa getini, ila barua zinapita. Unanijua mimi na kuandika, shule niliiacha kabla haijaniacha. Mistari ikipanda mlima utanisamehe.

Nataka nikueleze siku ile ilivyokuwa, maana dada yako anasema wewe unaisimulia vingine. Siandiki kwa hasira. Hasira zilikuwapo, nimezifua zikatoka. Nilirudi kutoka kazini jua likiwa bado juu, nikakukuta nje ya mlango wetu umepiga magoti, funguo zimezagaa sakafuni, na Kipipa analia ndani. Ulikuwa umebadilisha kitasa tena, kwa sababu, kwa maneno yako, fundi cherehani wa jirani amechonga ufunguo wetu. Ukamfungia mtoto, ukaenda kutega sikio ukutani kwa jirani usikie anavyokusema. Uliporudi hukujua tena ufunguo wa kitasa kipya ni upi. Nikakuambia, "Si utumie waya, ndiyo kazi yako hiyo." Ukanijibu, "Nyamaza, wanatusikiliza."

Wewe, Baba Kipipa, ambaye watu wakifungiwa nje ya nyumba zao ndiye wanayemkimbilia! Ni huyohuyo fundi cherehani aliyevunja dirisha akamtoa mtoto. Nawe ukamwita mwizi.

Nina swali moja, unijibu kama mtu na mkewe. Ile bangi, unaweza kuiacha?

Mkeo,
Mama Kipipa

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu,

Barua yako imenifikia ikiwa imeshafunguliwa. Hapa wanasoma kwanza, kwa hiyo kabla sijakusalimu wewe namsalimu msomaji: hujambo, bwana, macho yanauma? Nawe mama, hujambo? Kikohozi kimeondoka. Blanketi lipo. Mwambie Kipipa ufunguo haulazimishwi, unaingizwa taratibu halafu unasikilizwa.

Swali lako jibu lake fupi. Naweza. Bangi ni jani, jani halina mkono wa kumshika mtu. Mlevi wa pombe ndiye huamka anatetemeka. Mimi umewahi kuniona natetemeka? Mimi huvuta ili mkono utulie. Kitasa kina pini ndani, ndogo kama punje, na zote unazihisi kwa ncha ya kidole. Mkono wenye wasiwasi hauwezi. Nilianza kuvuta nikiwa na miaka kumi na mitano, na milango ya mji mzima bado inanitii. Sasa huo ni ugonjwa gani?

Siku ile nilikuwa nimechoka, basi. Wala sijasema kwamba yule jirani hakunong'ona. Cherehani yake hunyamaza kila ninapopita. Mashine haimnyamazii mtu bure.

Hapa sipapendi. Godoro bovu, silali. Nikipata usingizi kidogo naota ndoto nzito, utadhani nimelipia sinema. Jasho linanitoka mpaka shuka naikamua. Chakula hakishuki. Jana nilitaka kupigana na mwenzangu wa chumbani, dereva mmoja tunamwita Breki, kosa lake ni kupiga mluzi. Ni mahali hapa tu. Nikirudi nyumbani yote yatakwisha.

Mumeo

Jumapili, 16 Juni

Baba Kipipa,

Salamu kutoka kwangu, na kutoka kwa mwanao, ambaye sasa hivi analamba gundi ya bahasha. Pole na joto la shuka. Pole na mluzi pia.

Juzi nilimpeleka Kipipa kliniki kupimwa. Ameongezeka, jina lake linazidi kumfaa. Muuguzi alipokuwa akimshusha kwenye mizani nikamwuliza habari za bangi, nikasingizia kwamba ni shida ya shemeji yangu. Akanitazama, akasema, "Haya. Na huyo shemeji yako, usiku analala?"

Nikamwambia halali, anasingizia godoro. Jasho? Linamtoka. Ndoto? Kama sinema. Chakula? Hakishuki. Hasira? Hata mluzi unamchokoza. Akacheka kidogo, akasema, "Mwambie shemeji si godoro. Mwili unadai ulichozoea."

Alinifundisha neno, uraibu. Anasema si kila anayevuta hunaswa, wengi huacha na maisha yakaendelea. Lakini wapo wanaonaswa, na aliyeanza akiwa mdogo, tena akavuta kila siku, ndiye yuko karibu zaidi na mtego. Nikamwuliza na kusikia watu wanakusema, je? Akasema bangi haimpi kila mtu maradhi ya akili. Ila ikiwa kali, ikavutwa sana, na ikamkuta mtu ambaye kwao maradhi hayo yapo, inaweza kuyaamsha. Nikamkumbuka mjomba wako aliyekuwa akigombana na ukuta. Tulikuwa tukimcheka, tukisema ukuta umemshinda hoja.

Mimi sijasoma. Ila nauliza, godoro la Breki likoje? Kama naye halali, basi nimekosa mimi na muuguzi wangu.

Kuna jambo jingine, na ni bora ulisikie kwangu. Nimebadilisha kitasa. Nimemwita fundi mwingine. Alipokuwa akifanya kazi nilisimama dirishani kuangalia nani ananiona, kama mke anayetoka nje ya ndoa. Ufunguo ni mmoja na ninao mimi.

Muuguzi anasema watu hupona. Alisema hivyo bila kuulizwa, ndiyo maana nimemwamini.

Mkeo,
Mama Kipipa

Jumapili, 7 Julai

Baba Kipipa,

Hujambo? Sijui kama umenuna au umeugua. Kama umenuna, andika hivyo, "nimenuna", ni neno moja. Kama umeugua, mwambie Breki aandike.

Sisi wazima.

Mama Kipipa

Jumapili, 21 Julai

Mke wangu,

Nilinuna. Kisha yakatokea mengine, na ya kununa nikayasahau.

Godoro la Breki ni kama langu, na anakoroma mpaka dirisha linaitikia. Nilipolijua hilo sikutaka kukuandikia.

Sasa sikiliza. Mkuu wa nyumba hii alinijia, akasema, "Fundi, kufuli la kabati la ofisi limelegea, hebu litazame." Nilifurahi kama mtoto, vidole vilikuwa vimeona njaa ya kazi. Kabati hilo ndimo wanamoweka vitu wanavyovuliwa wageni getini. Nililifungua lote, nikalisafisha, nikabadilisha springi, nikalirudisha likafunga vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani. Nikamkabidhi ufunguo. Watu wakanipigia makofi. Lakini nilipokuwa nikifanya kazi niliona ndani msokoto wa mtu aliyeingia asubuhi ile, wameufunga kwenye karatasi wakauchome baadaye.

Mama Kipipa, nilikwenda kula. Nilikula, nikaongea, nikacheka na Breki. Kichwani mlikuwa na ule msokoto peke yake. Nikajiambia, "Wewe si umesema unaweza kuacha? Haya, acha." Wenzangu walipokwenda uwanjani kucheza mpira nikarudi ofisini na jino la uma nililolikunja. Kufuli nililokuwa nimetoka kulitengeneza lisifunguke, nikalifungua.

Nilivuta nyuma ya tangi la maji. Nikasubiri ule utulivu wangu wa zamani. Haukuja. Ilikuja cherehani. Niliisikia cherehani ya jirani yetu hapahapa, mbali kabisa na nyumbani, inanyamaza kila nikigeuka. Mpaka hapo nilikuwa nikiamini yule bwana ananinong'ona. Ila hapa hayupo. Hapa hakuna hata sindano.

Nilimfuata mkuu mwenyewe nikamweleza, kwa sababu sikuweza kukaa na ile sauti peke yangu. Hakunifokea. Aliniuliza tu nani alinishika mkono mpaka kabatini. Nikamwambia hakuna. Amemleta daktari, nimeanza dawa. Zinanifanya mzito, naongea kama mtu aliyemeza mto.

Mtoto alilia ndani nami nikatafuta ufunguo huku nikisikiliza ukuta. Sina la kusema juu ya hilo ambalo litakusaidia.

Na yule fundi uliyemwita, kama ni yule wa karibu na stendi, basi mlango wako umefungwa kwa imani tu.

Mumeo

Jumapili, 8 Septemba

Mama Kipipa,

Salamu kwako na kwa mwanangu. Hujajibu. Sikulaumu, nami niliwahi kukunyamazia.

Wameniambia naweza kutoka Jumamosi ya tarehe 21, nikikubali kurudi kwa daktari na kwa kikao chao kila wiki. Nimekubali. Sauti zimepungua. Siku nyingine hazipo kabisa, siku nyingine zipo kama redio ya nyumba ya tatu. Daktari hakuniahidi kwamba hazitarudi. Alichosema ni kwamba nikirudia bangi, nazo zina njia ya kurudia. Hamu ipo, sikufichi. Hunijia baada ya kula, nami naosha vyombo vya watu wote mpaka ipite. Wananipenda sana hapa.

Breki ametoka wiki iliyopita. Mluzi wake naukosa, hebu fikiria.

Nije nyumbani, au niende kwa dada? Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya.

Mumeo

Jumatatu, 16 Septemba

Baba Kipipa,

Naandika juu ya meza ya kupigia pasi, wateja bado hawajaja, ukiona karatasi ina alama ya moto ujue ndiyo hiyo. Tu wazima. Kipipa sasa anakimbia. Hatembei, amekuruka kutembea, ametoka kutambaa akaingia mbio.

Sikujibu kwa sababu kila nikiandika nilikuwa naandika kwa mkono wa siku ile ya dirisha. Barua tatu nimezichana. Hii naona itafika.

Nilimrudia muuguzi. Nikamwambia shemeji ana nafuu. Akasema, "Msalimie mumeo." Kumbe alijua tangu zamani! Nilimwuliza kama utapona moja kwa moja. Akasema hawezi kuapa, ila mtu anayetaja hamu yake kwa mdomo wake ana nafasi nzuri kuliko anayesema hana. Basi nikaisoma tena barua yako pale unapoosha vyombo, nikafurahi peke yangu kama mjinga.

Jibu langu ni njoo. Lakini uje mchana. Ukae nasi, ule, ucheze na mwanao nikiwapo. Kulala utalala kwa dada yako kwanza, mpaka daktari aseme na mimi nione. Mtoto sitakuachia peke yako kwa sasa. Maneno hayo nimeyaandika polepole ili yasomeke, kwa hiyo usiniulize tena ukifika, utaniliza mbele ya watu.

Fundi cherehani nimemwambia unakuja. Akasema, "Aje, ila dirisha la pili halivunji mtu bure." Alikuwa anatania. Nakuambia mapema kwamba alikuwa anatania.

Na juu ya kitasa. Ndiyo, ni yule fundi wa karibu na stendi, na najua mlango huo utaufungua kwa uma huku unapiga miayo. Sikukiweka kikuzuie wewe, maana hakuna kinachokuzuia. Nimekiweka ili ufike usikiguse. Ubishe hodi kama watu wengine, halafu usubiri. Nikikawia, usidhani ndani kuna watu wanakusema. Ni mimi namfukuza Kipipa avae suruali. Ukisikia cherehani ya jirani imenyamaza, ni uzi umekatika. Usitege sikio ukutani, usizunguke dirishani, simama palepale. Najua kusubiri ndiko kutakuwa kugumu kwako kuliko huo uma. Nami nimeogopa sana mwaka huu, Baba Kipipa, lakini hodi yako siiogopi, naingoja. Ngoja, bibi ananiita huko mbele, mteja kafika. Nakuja, bibi! Nilikuwa nasema, ukibisha ukasikia kimya, usiondoke, kimya hicho ni mimi nakuja kukufu