Bahari Ikikauka Siku ya Maji Mafu

Timbwani, Likoni. Alhamisi, 2 Juni 1960

Kumekucha na manyunyu, kusi linavuma, nami nimeamka na hasira. Afadhali niimalizie hapa daftarini kuliko kumtolea mume wangu, ambaye kosa lake ni kununua redio tu.

Redio hiyo ndiyo iliyotuletea habari za Chile. Nchi ilitetemeka huko, bahari ikapanda juu ya miji, kisha mawimbi yale yale yakavuka maji yote mpaka Japani, yakaua watu ambao hawakusikia hata mtikisiko. Ramadhani iliyopita tuliwalilia ndugu zetu wa Agadir, Moroko, waliofukiwa na nyumba zao usiku. Tuliwasomea hitima, tukatoa sadaka, tukalala. Kwetu ardhi haitikisiki. Lakini hili la maji limeninyima usingizi, maana bahari ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Msomaji wa habari alisema pahala pengine bahari hurudi nyuma kwanza. Huacha mchanga mtupu na samaki wakirukaruka, watu wakashuka kuwaokota. Ndipo maji hurudi.

Mara nikaufikiria mwamba wetu.

Sisi wanawake tunaokwenda mwambani kuchokoa pweza saa yetu ni mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanatoka mbali, tunashuka na vikapu. Ukiwa nusu, kama leo, ni maji mafu: mwamba haukauki, tunakaa nyumbani kusuka ukili wa mikeka. Basi bahari ikikauka siku ya maji mafu, kila mtoto wa hapa atajua kuna jambo.

Ajabu ni kwamba tumefundishwa kulishangilia.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, ndiye aliyenifundisha mwamba, na ana kisa alichopewa na mamake. Zamani, mama huyo akiwa kigori, bahari ilikauka siku isiyo yake, ikarudi, ikakauka tena. Watu wakaokota samaki mpaka vikapu vikajaa, na hakufa mtu. Nyumba hii husimulia kisa hicho kuwa ni baraka. Binti yangu Zuhura anakijua kama anavyoijua Alhamdu.

Sasa naamini najua ilikuwa nini. Siku ile mahali fulani watu walizama, na sisi tulipata makombo ya wimbi lao.

Jana nilimweleza Bi Mwanaisha. Akanicheka. "Mwenyezi Mungu akuletee rizki mpaka miguuni, nawe waikimbia? Mamangu aliona kwa mato yake, wallahi, si kwa redio."

Mkwe hajibizwi. Lakini moyoni sikukubali. Tetemeko ni amri ya Mungu, na miguu pia katupa Yeye.

Sasa ni usiku, nimerudi kuandika. Leo baada ya alasiri nilimchukua Zuhura mpaka pwani ya Shelly, nikamwonyesha njia ya kupanda hadi kwenye minazi. Nikamwambia, maji yakikauka siku isiyo yake, usiokote hata kome, panda. Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena hata akalalamika. Nikamwita.

"Abee, mama."

"Maji yakikauka, utafanya nini?"

"Nitamfuata bibi kwanza. Miguu yamuuma. Nimshike mkono tupande."

"Na bibi akikataa?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipumbavu. "Basi nitakaa naye."

Nilikaa pale pale mchangani nikalia mbele ya mwanangu, wala sikuona aibu.

Kumbe njia yangu haina faida yoyote mpaka bibi akubali kuipita. Nami muda wote nimekuwa nikishindana naye juu ya bahari, jambo ambalo sitamshinda kamwe. Ameijua kabla sijazaliwa. Mashindano hayo yamekwisha. Kesho Ijumaa, akishaoga na kujifukiza udi, nitakwenda kumshika miguu nimweleze maneno ya mjukuu wake, neno kwa neno. Sitamwomba aiamini redio. Sitamwomba akikane kisa cha mamake. Nitamwomba ahadi moja tu, na sitaondoka chumbani mwake bila ya kuipata.

Kwa kuogopa maji, Bi Mwanaisha hatakimbia. Kwa Zuhura atapanda, hata kwa magoti.