Jumamosi ya Tarehe Ishirini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na goti halikusumbui tena unapopanda zile ngazi tatu za nyuma. Dada aliniambia kwa simu kwamba hamu ya kula imerudi, na kwamba juzi ulimwambia fundi bomba anavuja maneno kuliko bomba lenyewe. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka katibu wangu akachungulia mlangoni. Sisi huku hatujambo. Wajukuu wako wanakusalimu. Yule mkubwa ameng'oka jino la mbele na anajivunia pengo lake kama nishani.

Habari za kazi ni nyingi. Lile bomba la karibu na soko sasa linatoa maji asubuhi na jioni. Zahanati inafunguliwa saa moja badala ya saa tatu, na dirisha la dawa halifungwi tena mchana. Mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa anajaza fomu moja tu, si tatu. Haya yote nimeyaona kwa macho yangu. Bombani nilikinga maji kwa kiganja, na zahanati nilifika kabla ya mlinzi.

Naona naandika kana kwamba natoa taarifa ya mwezi. Ukweli ni kwamba nazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba, nina jambo zito la kukueleza, na limenikaa kooni mwezi wa tano sasa.

Unakumbuka mwezi ule tulipotangaza siku ya mwisho ya kubadilisha vitambulisho. Watu wengi walinilalamikia kwamba ofisi ya vitambulisho inafungwa Ijumaa alasiri, na wao wanatoka kazini jioni. Nikaahidi kuwapatia Jumamosi moja. Nilimpigia simu mkuu wa idara, akaniambia ombi ameshalipeleka juu, nisubiri jibu, watajitahidi. Karatasi yetu ya taarifa ilikuwa iende kuchapwa mchana uleule, na mwenzangu wa jimbo jirani alikuwa ameshajitangazia mambo makubwa. Katibu wangu aliweka kidole kwenye mstari ule akaniuliza, "Mheshimiwa, hili tumelipata, au tunalitarajia?"

Nikamjibu, "Liandike."

Ndivyo ilivyoandikwa kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini ofisi itakuwa wazi, na ndiyo siku ya mwisho. Nawe ukawasomea majirani pale kwenye benchi kama unavyowasomea kila mwezi, wale wasiojua kusoma na wale wavivu tu wa kusoma. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Mtaani kwetu wanasema, mzee akisoma, imesomeka. Miaka thelathini na moja ulisoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yako ikiwa kukamata makosa ya wengine. Hata taarifa zangu ulikuwa unanirudishia zimepigwa wino mwekundu, na pembeni umeandika kwamba mheshimiwa leo amemeza herufi mbili.

Jibu la idara lilinifikia Jumatano. Jumamosi imekataliwa. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, saa tisa na nusu alasiri, bila nyongeza. Nilikuwa na siku mbili nzima, Baba. Ningeweza kutuma gari la kipaza sauti lizunguke mitaani. Ningeweza hata kukupigia wewe simu ya dakika moja, ukawaambia watu. Niliogopa kuonekana mwongo siku ile, nikanyamaza, nikijidanganya kwamba wengi watakuwa wameshakwenda mapema.

Jumamosi ile watu walikuta kufuli. Na mama mshonaji, jirani yetu, alikuwa mmoja wao. Wewe mwenyewe ulimsindikiza, amekushika mkono kwa sababu ya nyonga yake. Alikuwa na tarehe ya upasuaji wiki iliyofuata, na hospitali haimwandikishi mgonjwa kwa kitambulisho kilichokwisha muda. Nafasi yake akapewa mwingine. Kitambulisho kipya kilichukua wiki kumi na moja. Amepasuliwa mwezi uliopita, lakini daktari amesema nyonga ilingojeshwa mno: atatembea kwa fimbo, na mguu ule hautakanyaga tena pedali ya cherehani.

Hayo ya nyonga unayajua. Nililotaka kukuambia ni lile usilolijua.

Jumatatu niliagiza karatasi mpya zichapwe. Namba ileile, mwezi uleule, kila kitu kilekile, isipokuwa mstari mmoja: badala ya Jumamosi tarehe ishirini, Ijumaa tarehe kumi na tisa. Katibu nilimwambia ni nakala za kumbukumbu. Nikazunguka mwenyewe kwenye mbao za matangazo, zahanati na sokoni, nikabandua za zamani na kubandika mpya. Nilisema moyoni, watu watadhani walisikia vibaya.

Jumanne nikaja kwako. Dada alikuwa ametoka, ukaenda mwenyewe jikoni kunichemshia chai. Karatasi yako ilikuwa mezani, chini ya kibweta cha miwani. Nilisikia unafungua bomba la maji. Nikaichomoa, nikaikunja, nikaitia mkobani, na ile mpya nikaiweka palepale. Ulirudi na vikombe viwili, ukaniambia, "Mwanangu, Jumamosi watu wamefungiwa mlango. Hebu nikuonyeshe ulivyoandika." Ukavaa miwani. Kidole chako kikateremka mstari kwa mstari mpaka kikafika, kikasimama. Ukavua miwani, ukaifuta kwa shati, ukavaa tena. Kisha ukasema taratibu, "Kumbe ni mimi."

Nilikuwa na chai mdomoni. Nikaimeza, nikakuambia, "Si kitu Baba, ni umri tu."

Nimesema mengi ya hovyo katika siasa, lakini hakuna neno linalonichoma kama hilo. Uliyatilia shaka macho yako kabla hujanitilia shaka mimi. Kesho yake ukaenda mlango hadi mlango kuomba radhi. Benchi ukaliacha. Dada anasema siku hizi hata risiti ya duka unampa yeye akusomee, na wino mwekundu umekauka droo ya chini. Nami nilikuwa nakutumia salamu za kukutakia afya njema.

Wiki iliyopita nilishindwa kuendelea. Nilikwenda kwanza kwa mama mshonaji. Nilimkuta anakata nyuzi kwa meno, cherehani imefunikwa shuka. Nikamweleza yote, hadi chai. Hakupiga kelele. Akasema, "Nyonga ni yangu, nitajuana nayo. Lakini baba yako alisimama hapo mlangoni akilia, na mimi ndiye niliyemwambia ndio uzee huo. Umenifanya nimtukane mzee wa watu. Ondoka, uanzie kwake."

Nikaja moja kwa moja mpaka getini kwako. Nilikuona umekaa uani, mikono magotini, hufanyi lolote. Nikageuza gari. Ndiyo maana unapata barua badala ya mtu. Naona bora ujue na hilo pia.

Taarifa ya mwezi huu itabandikwa Ijumaa. Juu kabisa, kabla ya maji na dawa, nimeeleza niliyoyafanya, karatasi ya kwanza na ya pili, na nimetia sahihi yangu. Katibu alipendekeza tuandike kwamba kulitokea mkanganyiko. Nikamwambia aliache neno nililoliandika mimi kama lilivyo: nilidanganya. Nakala nimempelekea Spika wa baraza, na kamati ya maadili imeniita tarehe tatu. Huenda nikapoteza kiti. Sitakuja kukulilia hilo. Niliona tu si haki uyasikie ya kwako kutoka kwenye ubao wa sokoni.

Ndani ya bahasha hii utakuta ile karatasi ya kwanza. Sikuweza kuichana. Usimpe dada akusomee, Baba, isome mwenyewe. Hukukosea hata herufi moja.

Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Ukifungua, nitaingia. Usipofungua, nitakaa nje mpaka saa ya chakula, kisha nitarudi nyumbani, na Jumapili nyingine nitakuja tena. Ukipenda, tutakwenda pamoja kwa majirani, ila safari hii nitasema mimi, wewe usimame tu.

Msalimie sana dada. Mwambie asikasirike kwa kuyasikia baada yako. Wajukuu hawajui lolote bado. Nitawaambia mwenyewe kabla ya Ijumaa. Mungu akupe afya, na akupe hasira ya kutosha kunisema inavyostahili.

Ni mimi kitindamimba wako,
ambaye hana uso wa kukutazama.