Rozi Hali Njugu

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Mifupa iko motoni tangu asubuhi. Nimeichagua mwenyewe machinjioni Dagoretti kabla wenye mikahawa hawajafika. Shilingi moja u nusu, supu ya siku mbili kwa watu watano. Nikitia viazi na karoti, binti yangu Rozi analamba bakuli. Maharagwe ratili mbili kwa mahindi ratili tatu, na hakuna anayelala njaa mpaka Alhamisi. Wanaosema chakula salama ni cha matajiri hawajui kupika tu.

Rozi ana miaka minne na hali njugu. Si kwamba hapendi. Mwaka jana jirani alimpa mbili za kukaanga, mbili tu, midomo ikavimba, koo likaanza kuziba, tukakimbia hospitali. Daktari aliita aleji. Akasema mara nyingine inaweza kumuua. Tangu siku hiyo jikoni kwangu kuna sheria. Sufuria ya Rozi nimeifunga waya mwekundu kwenye mpini. Mwiko wake haukorogi kwingine. Mandazi ya barabarani hapana, kwa sababu siyajui mafuta yale yamekaanga nini jana. Majirani wananiita mchoyo, mtu wa kumkataza mtoto kula kwa watu. Waniite.

Mpishi wa nyumba hii ni mimi. Hoteli ya mjini niliingia nikiosha sufuria, leo nasimamia nyama zote. Zamu yangu inaanza saa nane mchana. Mke wangu Finike yuko na cherehani yake sokoni Kawangware tangu asubuhi. Kwa hivyo napika, naacha, Agneta, binti yetu mkubwa, anawapakulia wadogo zake. Inakwenda vizuri kabisa.

Ila keshokutwa Mama anakuja kutoka Maragoli. Kwetu mwanamume hashiki mwiko mama yake akiwa nyumbani kwake. Ni kama kumwambia alizaa ovyo. Mama hajui kwamba napika hapa. Anajua napika mjini, na hiyo anaiita kazi ya Wazungu.

Jumatano, 9 Agosti

Mama ameshuka basi na majogoo wawili, mkungu wa ndizi, mfuko wa njugu, na chungu chake cha mboga kimefungwa leso kama mtoto mchanga. Nimefurahi kukiona. Chungu hicho kimenilea. Kilikuwa cha mama yake.

Mfuko wa njugu nimeukamata hata kabla ya chai. Nikamwambia, Mama, hizi zitamuua Rozi.

"Mmaragoli gani anauawa na njugu? Wewe zimekukuza mpaka umeota kitambi."

Nilimweleza yote, hospitali, sindano, maneno ya daktari. Akamwita Rozi, akamshika kidevu, akamtazama mdomo kwa muda. Akafunga mfuko. "Basi apelekewe Zakayo." Zakayo ni mdogo wangu, karani, anakaa Uthiru. Nikashusha pumzi.

Halafu akaingia jikoni. Akaona waya mwekundu. Akaona kisu changu cha kazi.

"Nani anapika hapa?"

"Mimi, Mama," Finike akasema. Mungu amsamehe, hajapika tangu Pasaka.

"Sasa pumzika. Mwenyewe amekuja."

Alhamisi, 10 Agosti

Nimefukuzwa jikoni kwangu. Nimekaa kibarazani na gazeti la jana, nasikiliza moto. Ameweka kuni nyingi mno. Vitunguu vimeungua, nimesikia harufu. Nimeumia.

Zakayo alipita kuchukua njugu. "Ndugu, leo aproni iko wapi? Au umeivalisha Mama?" Akacheka peke yake. Mtu ambaye hajui hata kuchemsha yai. Nilimwambia anawe mikono kabla ya kumgusa Rozi. Akasema naongea kama mwanamke. Sawa.

Jogoo mmoja wa Mama amelika. Rozi amekula kutoka sufuria ya waya mwekundu, mzima. Mama ameshika sheria, lazima niandike hivyo. Sasa ananitazama kwa jicho la "unaona?"

Ijumaa, 11 Agosti

Nimerudi usiku nikamkuta Rozi hajalala, anajikuna mdomo. Alama ndogo nyekundu, kama ya mbu. Nikauliza amekula nini. Uji. Viazi vitamu. Maziwa.

"Njugu je?"

"Unanitukana," Mama akasema.

Finike alinikanyaga mguu chini ya meza. Sijaridhika. Mbu hachagui mdomo peke yake akaacha uso wote.

Jumamosi, 12 Agosti

Mama aliamka na mboga za kwetu, mrenda unaoteleza na majani ya kunde, kwa maziwa, kwa chungu chake. Mchana wakila, nilikuwa navaa niende kazini. Rozi alikula vijiko vitano, sita. Akasema "Baba, ulimi." Nikageuka, macho yake yameanza kufunga kwa uvimbe.

Sikumbuki kufunga kiatu cha pili. Mwenye nyumba alikuwa nje na pikapu yake, Mungu ambariki, aliwasha bila kuuliza. Mpaka tunapita Kawangware mtoto anapumua kwa mluzi. Nilikuwa nahesabu kila pumzi. Nilikuwa na hasira kuliko hofu. Nilishika ile hasira kama kamba.

Sindano. Muuguzi alimshika mgongo. Mluzi ukapungua, ukapungua, ukaisha. Akaomba maji.

Wamemlaza mpaka kesho, Finike amebaki naye. Kazini nimetuma mtu aseme siji.

Nyumbani nilimwambia Mama maneno makali. Nilimwambia alitia njugu ili anionyeshe. Mama alisimama katikati ya chumba akaapa kwa jina la Mungu na la baba yangu aliye kaburini kwamba hakutia hata moja. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumapili, 13 Agosti

Sijaenda kanisani. Nimeenda jikoni.

Mama hadanganyi. Hili nalijua kuliko ninavyojua jina langu. Kwa hivyo njugu imeingia bila yeye. Nikapanga kama ninavyopanga hotelini mgeni akirudisha sahani. Mboga? Za sokoni, zimeoshwa mara mbili. Maziwa? Hayohayo wanayokunywa wote. Mwiko? Wa Rozi. Kimebaki chungu. Na juzi yale maziwa ya Rozi yalipashwa wapi? Agneta akasema, kwa chungu cha Bibi.

Chungu cha mboga kwetu hakisuguliwi kwa sabuni. Kinasuuzwa kwa maji moto na kufunikwa, ili ladha ikae. Miaka yote ile Mama ametilia mboga zake njugu za kusaga, na udongo umekunywa. Na mimi, mwenye sheria zangu za waya na mwiko, nilikipokea getini nikitabasamu.

Nilikijaza maji matupu nikakiweka motoni. Yalipochemka, mafuta yalipanda juu, macho madogo ya dhahabu. Nikamwita Mama. Alikuja bila kunitazama. Nikamwambia nusa tu.

Akainama. Mvuke ukampiga usoni. Ile harufu ya njugu ya jikoni kwake, ya utoto wangu wote, ilijaa kote.

Akakifunika chungu. Halafu: "Nilimpikia kwa chungu cha mama yangu ili anone."

Nikamwomba msamaha kwa maneno ya jana. Alipunga mkono kama anafukuza nzi. Sijui kama amenisamehe au la.

Rozi amerudi jioni. Ana njaa. Amekula nusu ya ndizi iliyochemshwa, nusu nyingine Finike.

Jumatatu, 14 Agosti

Mama hajapika. Anasema mikono yake inaogopa. Amefunga mizigo, anataka basi la kesho.

Finike yuko sokoni, ana sare za shule za watu. Agneta amechemsha viazi, vimepasuka. Nimekaa kibarazani, mpishi wa watu mia mbili, watoto wangu wanakula viazi vya maji. Upuuzi. Nimekasirika na mila, na Zakayo, na mimi.

Kesho sina zamu. Nitaingia jikoni. Mama akitaka kwenda, aende ameshiba.

Jumanne, 15 Agosti

Niliamka mapema, nikatoka Dagoretti na mifupa na matumbo kidogo. Nikapita mbele ya Mama nikiwa nimevaa aproni. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, leso kichwani, tayari.

Niliwasha moto. Nikasikia kitu kinaburutwa. Ni Mama, na kigoda. Amekiweka mlangoni mwa jiko, akanipa mgongo, akaanza kupukuchua mahindi kwenye ungo. Hanioni. Mtu asiyeona haoni aibu.

Nikapika. Matumbo niliyachemsha kwanza, nikamwaga maji, nikayarudisha kwa kitunguu na nyanya. Kunde kwa maziwa, kwa sufuria ya waya mwekundu.

"Usizifunike," Mama akayaambia mahindi yake. "Kunde zinageuka njano."

Nilifunua.

"Na maziwa yasitangulie."

Yalikuwa hayajatangulia. Lakini nilisema ndiyo, Mama.

Saa tano Zakayo akaja kumsindikiza kituoni. Alinusa kutoka getini. Anatazama moshi unatoka juu ya kichwa cha Mama, anasikia mwiko unagonga sufuria.

"Mama, nani anapika?"

"Mimi," Mama akasema. "Unaona mwingine?"

Zakayo alifungua mdomo. Mama akamtazama. Akaufunga. Akaletewa sahani, akala mara mbili.

Rozi alikula kunde zote. Tulimtazama wote bila kujifanya hatumtazami. Mdomo, macho, ulimi. Hakuna kitu. Akaomba nyingine, nikampa.

Basi limeondoka bila Mama. Hakuna aliyelitaja. Mzigo umerudi ndani.

Chungu ameagiza kiwekwe nyuma ya nyumba, kuku wanywee maji. Jogoo aliyebaki amekipanda anawika. Rozi amekatazwa kukigusa, na Mama, si na mimi. Mama amefunga waya mwekundu kwenye bakuli lake la uji pia.

Jioni ameniuliza, akitazama ukuta, kama maharagwe ya kesho yamelowekwa.

Nimeyaloweka.