Kabureta ya Pili ya Gari la Baba

Tunduma, 3 Mei 1998

Kaka Ambilikile,

Kabla hata ya salamu: Lwitiko sasa hivi ameuchomoa ufunguo wa gari la baba kwenye msumari, akautumbukiza kwenye bakuli la uji, akakoroga, akaulamba. Nimempokonya, analia kama aliyenyang'anywa shamba. Nikasema basi, leo namwandikia mjomba wake.

Hujambo huko Kitwe? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Shemeji yako Isaka yuko safari na lori, wiki ya pili hii. Mama huko Ileje mguu una nafuu, anauliza lini utamwona.

Sasa jambo lenyewe. Unayakumbuka maneno ya Baba Mdogo Mbonile siku tulipomaliza matanga ya baba. Alisema mbele ya wazee, gari likitembea kabla mahindi ya mwaka huu hayajaisha kuvunwa, ni la watoto. Lisipotembea ni chuma, na injini yake inakwenda kuendesha mashine ya kusaga pale kijijini. Wewe uliitikia kwa kichwa, nilikuona. Na mahindi yameanza kukauka, kaka.

Ila nimepata njia. Bwana Aziz wa malori, mwenye ile Ford Kapri ya njano, ana klabu na wenzake wenye magari ya mbio ya zamani. Wako tisa, wengine wa Mbeya, wawili wa Zambia. Wamepanga tarehe 18 na 19 Julai wakayakimbize kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa shamba la kahawa, upande wa Vwawa. Si kugongana. Kila gari linapewa zamu, linazunguka mapipa, wanalipimia dakika. Masharti ni mawili tu: gari lifike kwa magurudumu yake, na dereva awe ameandikwa. Nimeandikisha: Datsun SSS ya marehemu baba, dereva Ambilikile. Baba Mdogo amesema atakuja aone kwa macho yake.

Fundi wa Bwana Aziz ameinua boneti. Panya wamekula waya kidogo tu. Ila injini ile ina kabureta mbili, na moja haipo. Ni ile uliyoifungua mwenyewe siku unaondoka kwenda Zambia, baba angali hai, ukasema, "Asije mtu akaliwasha mimi sipo." Njoo nayo, kaka. Kama huwezi kuja mapema, itume.

Ni mimi mdogo wako,
Tabita

*

Kitwe, 21 Mei 1998

Mdogo wangu Tabita,

Barua nimeipata, nimecheka ufunguo wa uji mpaka wenzangu gereji wakauliza kuna nini. Mimi mzima, kifua kinakuja na kuondoka.

Usiwe na wasiwasi. Julai nitakuwepo, hilo gari nitalizungusha mpaka Baba Mdogo avue kofia. Kuna dereva anaitwa Uledi, anapeleka shaba Dar. Jumamosi tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, simama kwenye geti la mpakani. Atakupa mzigo wangu.

Mbusu Lwitiko.

Kaka yako,
Ambilikile

*

Tunduma, 8 Juni 1998

Kaka,

Unaendeleaje. Sisi tupo, ila mimi nina hasira, nisamehe mwandiko.

Saa nne ya wapi, kaka? Nimefika getini saa nne kasorobo, Lwitiko mgongoni. Nimeuliza kila lori la shaba, "Uledi ni wewe?" mpaka madereva wakaanza kunitania, "Shemeji, hata mimi naweza kuitwa Uledi." Nimesimama mpaka saa tano kasoro dakika kumi, jua kali, mtoto amejichafua, nikarudi kumwosha. Nikarudi tena mbio. Mlinzi ananiambia Uledi ameshavuka, aliniulizia, alifika saa nne kamili. Saa nne ya Nakonde, upande wa pili wa geti! Kwetu ilikuwa saa tano. Wewe umezaliwa upande huu, kaka. Miaka minne tu Zambia, umesahau kwamba saa zao ziko nyuma? Na mimi ninayeishi hapa mpakani, sikukumbuka kuuliza. Ujinga tumegawana, nusu yako, nusu yangu.

Mzigo umekwenda Dar. Nasubiri arudi.

Klabu nao wananimaliza. Wanakutania uani kwangu kwa sababu ya chai. Kikao cha tatu hiki, na wanagombania saa ya kuanza. Bwana Watson wa Mbeya anasema Jumapili waanze asubuhi na mapema. Mzee mmoja mlokole akasimama, "Mimi siwashi gari watu wakiwa ibadani." Bwana Aziz akamjibu, "Mzee wangu, Ijumaa nilipoomba tusitie saini kibali saa ya sala mliniambia nachelewesha shughuli. Leo Mungu amekuwa wa wote?" Wakacheka, wakanywa chai, wakaondoka bila kuamua. Kisha wakakumbuka hakuna aliyemwambia mwenye shamba ahamishe ng'ombe wake uwanjani.

Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Tabita

*

Tunduma, 24 Juni 1998

Kaka,

Sikusalimii vizuri leo.

Uledi amerudi, safari hii nilimngoja kwa saa zote mbili, yao na yetu. Mzigo nimeupokea. Kuna chitenge, hicho kitenge cha huko, sukari, na kofia ya sufu ya Lwitiko. Nimekung'uta chitenge mara tatu. Nimemwuliza Uledi kama kuna chuma kilichodondoka. Akasema, "Dada, mzigo ulikuwa mwepesi tangu Kitwe."

Kabureta iko wapi?

Fundi alikuwa amesimama pale na spana mkononi. Nimeona aibu mpaka nikajifanya mtoto ananililia.

Tabita

*

Kitwe, 5 Julai 1998

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Natumaini Lwitiko hajambo na kofia imemtosha.

Kabureta sina. Niliiuza mwaka wa kwanza nilipofika huku. Nilikuwa nimelala na njaa siku mbili, fundi mmoja akaiona kwenye begi. Nilijiambia nitainunua tena. Yule fundi alishahama, wala sijui gari gani linapumua nayo sasa. Barua yako ya Mei ilipokuja nikaona bora nikuahidi, huenda nikapata nyingine. Sikupata.

Julai sitakuja. Nitamtazamaje Baba Mdogo usoni? Mwache aichukue injini. Kule watu wanatembea mwendo wa saa mbili kwenda kusaga, si jambo baya. Baba mwenyewe angekubali.

Usinichukie.

Kaka yako,
Ambilikile

*

Uwanja wa ndege, Vwawa, 18 Julai 1998

Kaka Ambilikile,

Salamu. Naandika juu ya boneti, na boneti ni ya moto, kwa hiyo usishangae karatasi kujikunja. Uledi yuko barabarani pale anabadilisha tairi, amesema nikiwahi ataichukua barua leo hii.

Barua yako niliisoma mara mbili nikaikunja. Hasira iliyonishika, kaka, si ya kabureta. Ni hiyo ya "baba angekubali". Nani kakuambia? Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kila jioni akae ndani ya lile gari, hata miguu ilipokuwa haimbebi, anashika usukani, anabadilisha gia gari likiwa limezimwa. Wewe hukuwepo.

Nikaenda kwa Bwana Aziz nikamwambia ukweli wote. Akamwita fundi. Fundi akasema mpango wa kabureta mbili uachwe, afunge kabureta moja ya pikapu pamoja na bomba lake la kuigawia hewa injini. "Halitakimbia kama zamani," akasema, "ila litapumua." Kuna pikapu mbovu nyuma ya gereji ya Bwana Aziz, akatoa huko. Siku nne wamefunga na kufungua. Jumatano likawaka, moshi ukajaa uani, majirani wakatoka na ndoo za maji. Lwitiko akapiga makofi.

Leo asubuhi nimeliendesha mimi kutoka Tunduma. Ndiyo, mimi. Baba alinifundisha kwenye pikapu ya shamba wewe ukiwa shule, alihitaji mtu wa kwenda polepole wanaume wakipakia kahawa. Leseni sina, kwa hiyo Bwana Aziz alikaa pembeni yangu njia nzima akisoma dua kwa sauti.

Baba Mdogo tumemkuta hapa. Amekuja na trekta na tela, kaka. Na kamba. Na spana zake kwenye gunia. Akalizunguka gari akasema, "Limetembea, nimeona. Lakini tulisema watoto, na mtoto wa kiume yuko wapi? Wewe umeolewa, Tabita. Nikikuachia wewe, kesho ni gari la ukoo wa Isaka."

Nikamwambia, "Baba Mdogo, mtoto wa kiume aliiuza kabureta. Mtoto wa kike ametafuta nyingine. Sasa wewe hesabu watoto wa kaka yako."

Bwana Aziz akachukua daftari, akafuta jina lako, akaandika langu. Nikaona kalamu inavyopita, na kaka, niliumia, sikufichi.

Baba Mdogo akasema, "Haya, nizungushe. Likizima njiani, nalifunga kamba hapohapo." Akapanda na gunia la spana mapajani. Tumezunguka mapipa mara tatu. Kona ya kwanza alishika mlango, ya pili akanishika mimi, ya tatu akaanza kucheka, kicheko kilekile cha baba, mpaka nikakaribia kuligonga pipa. Halikuzima. Tumekuwa wa mwisho kwa dakika, hata gari bovu la Bwana Watson limetupita.

Aliposhuka alikaa chini kwenye majani kwanza. Kisha akamwambia dereva wa trekta, "Nenda na tela tupu." Akanigeukia, "Wale wa kijijini wataendelea kutembea na mahindi kichwani, ujue. Wakikulaumu, mimi simo." Ameniacha na hilo, na kweli linaniuma, sijui nifanyeje nalo. Lakini gari ni letu. Amelisema mbele ya watu wote tisa wa klabu na ng'ombe wa watu, maana hawakuhamishwa wote.

Sasa sikiliza. Kabureta nimekusamehe. Njaa ni njaa. Hata ile saa nne nimekusamehe. Ila kutokuja, hilo bado, na usidhani nitalisahau, kwa sababu mimi nilipokuwa nafuta vumbi kwenye kiti cha dereva wiki nzima nilikuwa nakufutia wewe, na kama ungekuja mikono mitupu tu ukasimama hapa pembeni, mimi nili—

ngoja, Baba Mdogo ameshaingia tena kwenye gari, anapiga honi, anaita, "We Tabita! Acha barua, zamu yetu ya pili hii, washa!" Nakuja kuimalizia, kaka, nilitaka kusema kwamba—