Kompyuta Yangu Haifutwi

Chumba cha kushonea, nyumbani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu Msomi,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Hujambo? Mkeo hajambo? Na lile jino, uling'oa au bado unalibembeleza? Sisi huku wazima. Magoti yangu yananung'unika, lakini mguu unakanyaga cherehani kama zamani.

Ujumbe wako dada yako alinisomea, kisha nikausoma mwenyewe, polepole. Unasema Jumamosi utaingia kwenye kompyuta yangu ukiwa hukohuko uliko, ufute kila kitu, uweke upya Linux, mfumo unaoiendesha, na tangu hapo nitumie programu za ghala la mfumo tu, zile zinazotolewa na Linux yenyewe, nisiingize ya kwangu. Mwanangu, hapana.

Programu ya kutarizi iliyomo ghalani haina taabu, inajisasisha yenyewe. Lakini ni ya zamani kuliko mashine yangu ya kutarizi. Nikichora nembo, mashine inaikataa kama mtoto anayekataa dawa. Na mwenye tanuri la mikate alikuwa anangoja aproni za wafanyakazi wake. Ningesubiri ghala lizinduke, angehamia kwa yule mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye hata kifungo chake hakikai. Ndiyo nikaichukua mpya kwa wenyewe wanaoitengeneza, nikaiweka kwa mkono wangu.

Habari za kioo cha kompyuta kuwa cheusi umezisikia, na ni kweli. Programu mpya ilitaka Python mpya, ile lugha inayoiendesha, na ya zamani ilikuwemo. Nikasema fahali wawili hawakai zizi moja, nikaing'oa ya zamani. Methali ikanitia shimoni. Kumbe madirisha, menyu, hata saa ya pembeni, vyote vimeegemea ile nzee! Vikaporomoka nayo. Dada yako akashika kiuno: "Baba, kompyuta si suruali, ufumue ushone upya."

Nikamwambia, "Hilo gauni ulilovaa nililifumua mara mbili. Mbona limekukaa?"

Nikabaki na maandishi matupu. Kwa kidole kimoja nikaiagiza ya zamani irudi kutoka ghalani pamoja na madirisha yake. Yakarudi. Sasa za ghala zinakaa kwao, sizigusi. Zangu nimezijengea folda yao peke yao, kama banda la uani. Sasisho likija linapita bila kuzigonga. Najua haliziangalii, naziangalia mwenyewe, kila nikimaliza kupaka mashine mafuta. Nani mwingine mtaani kwetu amefanya hivyo? Mtaje.

Aproni zimetoka, tanuri zima limezivaa. Ukifuta, unafuta kila nembo niliyochora tangu macho yaanze kufifia na mkono kushindwa sindano. Wenzangu wa rika langu wamekalishwa wangoje chai. Mimi bado naulizwa kazi itakuwa tayari lini.

Kwa hiyo nimebadilisha neno la siri. Usihangaike kulikisia, si jina la mtu. Ukitaka kuingia, panda chochote kinachopandwa, uje upige hodi mlangoni, nikufungulie nikuonyeshe.

Nisalimie mkeo, na mama yako umwambie shemeji yake hajashindwa. Mungu akupe afya, akuzidishie riziki, na akupunguzie haraka ya kufuta vya watu.

Akupendaye na asiyekuogopa,
Baba Mkubwa, Fundi