Mama, Hasira Moja Ilikuwa Imebaki

Mama, mwaka umetimia tangu utuache, na kiti chako cha Jumamosi kilikaa kitupu mpaka juzi. Tunaandika haya sisi watu wa nyumbani kwako. Kalamu nimeshika mimi, binti yako mkubwa, kwa sababu Kaka anasema mimi ndiye mwenye maneno mengi. Baba amekaa hapa pembeni anasikiliza, na nikikosea ananisahihisha.

Wengi walikujua kwa kazi yako. Mtaa mzima ulikuita Mama Miwani. Ulikaa karibu na dirisha la duka la miwani, bisibisi ndogo mkononi, ukikaza skrubu ambazo sisi wenye macho mazima hatukuziona. Mtoto akiletwa analia kwamba hataki miwani, ulimvalisha kwanza mwanasesere wako wa kitambaa, kisha ukamwomba mtoto ushauri kama imempendeza. Mzee akija na fremu iliyokaa upande, uliipasha moto, ukaipinda kidogo, ukamwambia atikise kichwa. "Hamna neno," ulisema kila mara, "tutaiweka sawa." Sauti yako ilikuwa ya chini mno, wateja walilazimika kusogea ili wakusikie.

Nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Hatukumbuki siku uliyotufokea. Tulipovunja kioo cha kabati ulikuja, ukaokota vipande, ukauliza nani amejikata. Baba ndiye aliyekuwa mkali wa nyumba, na hata ukali wake uliishia nyuma ya gazeti. (Hapa Baba ameguna, lakini hajasema nifute.)

Ndiyo maana tulivunjika mbavu siku uliyotutangazia kwamba umekuwa mshenzi.

Jambo lenyewe lilianza na miwani, kama mambo yako yote. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu alikuja dukani akilalamika kwamba mbali anaona, kitabu anakisoma, ila namba za dadu mezani zinamchezea. Wewe hukuwa mtu wa kukisia. Jumamosi ulichukua futi yako ukamfuata kwenye chumba cha nyuma cha duka la madaftari, alikokuwa akicheza na wenzake, ili upime umbali kutoka machoni pake hadi mezani. Wakakwambia keti kidogo uone. Ulirudi jioni mtandio umekwenda upande, ukaanza kutuhadithia hata viatu hujavua.

"Ni mchezo wa kusimulia," ulisema. "Mwalimu anasimulia nchi ya kubuni, ina mazimwi, ina ngome. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake. Anatuuliza tunafanya nini, tunamwambia, halafu tunarusha dadu tuone kama tumeweza. Yule dereva wa basi la shule ni mchawi. Yule dada wa saluni ni mwizi."

"Na wewe?" Baba aliuliza.

"Mimi ni mshenzi wa milimani. Nina shoka. Sijui kusoma, sivai viatu, na nikikasirika navunja milango."

"Wewe?" Baba alisema. "Wewe unayebisha hodi jikoni kwako mwenyewe?"

Mshenzi wako ulimpa jina la Bomoa, binti Ngurumo. Kisanamu chake ulikifinyanga mwenyewe, kirefu kama kidole gumba, na shoka lake ulilikata kwenye mkono wa miwani ya mtoto iliyovunjika, ile nyekundu. Kiko hapa mbele yangu ninapoandika. Ulimjalia mabega ya mbeba magunia, ila ukitazama sana unaona pua ni yako.

Tulikuja kuujua mchezo ule kwa kukusikiliza wakati wa kukunja nguo. Mshenzi ana hasira zake za akiba, chache tu kwa siku. Akiita moja, hasikii maumivu na nguvu zake zinakuwa mara mbili. Zikimwishia, basi mpaka alale. Na mezani kwenu kulikuwa na desturi yenu wenyewe: hasira haiwaki mpaka mchezaji apige ukelele. Mara yako ya kwanza ulisema "aaa" kama mtu anayemwonyesha daktari koo. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Basi ukawa unajifunzia bafuni, umefungulia bomba ili maji yafunike sauti. Kitinda, mtoto wako wa mwisho, nusura auvunje mlango akidhani umeona nyoka.

"Mama! Kuna nini humo?"

"Hamna neno, mwanangu. Najifunza kukasirika."

Baadaye uliiva. Mwenye duka la madaftari anasema wateja wake wa Jumamosi walikuwa wakishtuka mpaka wanaangusha vitu, naye anawatuliza: "Msiogope, ni yule mama wa miwani tu."

Lipo jambo hatukulijua mpaka msibani kwako. Dereva ndiye aliyetuambia. Alisema miaka yote ile Bomoa hakuwahi kuita hasira kwa kidonda chake mwenyewe. Akichomwa mkuki yeye, ulisema hamna neno, tuendelee. Akiguswa mchawi au mwizi, hapo ndipo ukuta ulitikisika. Mwalimu naye akaongeza kwamba hakuna sheria ya mchezo iliyotaka hivyo, ulipenda mwenyewe.

Kisha Dereva akatueleza jingine, huku anafuta macho kwa kofia yake ya kazi. Siku kifua kilipombana, wewe ulifuatana naye zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, na mtu wa dirishani akamwambia arudi kesho. Ukainuka kwenye benchi.

"Huyu haondoki hapa bila kuonwa!" ulisema, na Dereva anaapa kwamba ilikuwa sauti ya Bomoa, ile ile ya mezani. Mlinzi akaja, akakutazama, akaenda kumwita daktari. Dereva alilazwa siku ile ile. Leo anaendesha basi lake na watoto wanamzomea akichelewa.

Mama, hapo ndipo unapotushinda. Dirisha lilikuwa lile lile na benchi lile lile. Tumbo lilipoanza kukusumbua ulikwenda peke yako, hukutaka kumpotezea mtu muda. Ulirudi ukasema mashine ni mbovu, wamekwambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata uliwapisha wenye watoto mpaka saa za kazi zikaisha. Halafu majibu yako hayakuonekana, ukaambiwa uanze upya, ukaanza upya. Kila uliporudi tulikuuliza vipi, ukajibu hamna neno, ukauliza nani amekula na nani bado. Ulijikaza kisabuni. Dukani ukawa unakaza skrubu umeegemea ukuta. Nasi tukakuamini, kwa sababu hukuwahi kutudanganya kwa lolote.

Siku Kaka alipokubeba mgongoni na kupita nawe foleni nzima bila kumwomba mtu radhi, daktari alikupima, kisha akamwambia Kaka, "Angeletwa mapema kidogo." Kaka mpaka leo akifika kwenye maneno hayo anatoka nje.

Tumekukasirikia, Mama. Acha tuliseme hadharani, kwa kuwa wewe hukutufundisha kusema uongo. Tumekulilia mwaka mzima na tumekukasirikia mwaka mzima, na wenyewe tumejikasirikia zaidi. Ukelele ulikuwa nao. Uliufanyia mazoezi humu humu ndani, tukausikia kupitia mlango wa bafu, tukacheka, tukarudi kuangalia televisheni.

Sasa tukueleze habari za juzi, maana bila shaka ungependa kujua imekuwaje.

Unakumbuka Jumamosi yako ya mwisho hadithi mliiachia wapi. Ngome inaporomoka, wenzako wameshatoka, Bomoa amebaki ndani ameshikilia lango lisiwaangukie. Damu inamtoka, na hasira moja imebaki. Mwenye duka akataka kufunga. Mwalimu akasema tutaendelea Jumamosi ijayo, nawe Jumamosi ijayo ulikuwa kitandani. Baada ya kukuzika, wenzako hawakuweza kumuua Bomoa, wala kumkabidhi mtu mwingine, wala kuanza hadithi mpya. Walikutana, wakanywa chai, wakatazama kiti chako, wakatawanyika. Mpaka wiki iliyopita Mwalimu alipotupigia simu.

"Njooni mtuambie anafanya nini," alisema. "Sisi tunaogopa kumsemea."

Tulikwenda wote. Baba alikuwa hajawahi kukanyaga chumba kile. Siku zote aliuita mchezo wa watoto, ingawa ni yeye aliyekuwa akikukumbusha kila Jumamosi kwamba utachelewa. Alivaa koti lake zuri. Alisimama nyuma ya kiti chako, mikono kwenye egemeo, hakai wala haondoki.

"Alikuwa akikaa hapa?"

"Hapo hapo, Baba," alisema dada wa saluni, akamvutia kiti. "Kaa tu. Kinakusubiri."

Baba akakaa. Akamchukua Bomoa, akamgeuza-geuza chini ya taa, akamrudisha polepole mbele ya lango la boksi mlilochora mawe kwa kalamu. Mwalimu alivaa miwani uliyompimia, ile ya umbali wa meza, akakohoa kidogo.

"Bomoa yuko langoni," alisema. "Wenzake wote wako nje, wako salama. Hakuna wa kumpigania isipokuwa yeye. Ameumia sana. Ana hasira moja. Mzee mwenzangu, anafanya nini?"

Sote tulijua wewe ungejibu nini. Dereva akafungua mdomo amsaidie Baba, dada wa saluni akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Anakasirika," Baba alisema.

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake mwenyewe. Leo ni zamu yake."

"Basi utalazimika kupiga ukelele," Mwalimu alisema kwa upole. "Ndiyo desturi yetu hapa."

Baba alivua miwani yake, akaikunja, akaiweka mezani. Nilidhani anataka kuondoka. Kisha akapiga ukelele. Mama, miaka yote hii hatukujua kwamba Baba ana sauti ile. Mwanzoni haikuwa na maneno, halafu ikapata maneno.

"Mpisheni! Mpisheni mke wangu apite! Anaumwa!"

Mwenye duka alikuja mbio, akasimama mlangoni, akavua kofia. Kitinda alikuwa ameshamkumbatia Baba mabega. Baba akaitafuta dadu kwa kupapasa, maana miwani hana, akairusha. Ikabingirika, ikagonga lile shoka jekundu, ikasimama. Mwalimu aliinama kuisoma. Akapangusa miwani yake kwa shati, akaisoma tena.

"Ametoka," alisema. "Lango limepasuka, na yeye ametoka. Yuko nje na wenzake."

Tulishangilia, watu wazima na akili zetu. Kaka alimnyanyua Dereva. Dada wa saluni aliruka mpaka kiti kikaanguka. Baba naye alikuwa anacheka, akageuka upande ule unaokaa wewe tukiwa nyumbani, kama anataka kukwambia jambo. Akakaa hivyo hivyo, shingo imegeuka. Kaka akamshusha Dereva chini.

Bomoa alitoka, Mama. Wewe hukutoka.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye Jumamosi hii anakwenda tena, anadai anakwenda kuangalia tu. Unakumbukwa nami binti yako. Na Kaka, ambaye hawezi tena kuona mtu amekaa kwenye benchi la zahanati asimuulize amekaa tangu lini. Na Kitinda, ambaye akipata mafua tu nyumba nzima haina amani, na hatumkatazi. Unakumbukwa na mdogo wako, Mama yetu Mdogo. Na wajukuu, wanaogombania mwanasesere wako wa miwani. Na wenzako wa mezani, Mwalimu, Dereva na dada wa saluni. Na wote uliowawekea fremu sawa wakauona mtaa wao vizuri.

Lala salama, Mama Miwani. Kukusahau hatutaweza. Na sisi uliotuacha, mtu akituuliza hali nasi tunaumwa, hatutamjibu tena kwamba hamna neno.