Ami Khalfan Katuongoza Matopeni

Alkhamisi, Januari 2008. Nizwa. Baridi, jua jembamba, miguu haitaki kusimama.

Leo sina sauti. Mke wangu kaniuliza nimegombana na nani, nikamtikisia kichwa tu. Mafua sina. Ni kupiga kelele njia nzima jana usiku, mie ambaye hata mwanangu simpigii kelele. Ngoja niandike chai ingali ya moto, maana nikijilaza sitainuka mpaka Adhuhuri.

Kila Jumatano ya msimu wa baridi, baada ya Isha, tunatoka na baiskeli za milimani watu watatu: mie, Nasser na Ami Khalfan. Nasser tuko naye ofisi moja. Kwao walirudi kutoka Bujumbura, na mpaka leo akikasirika hutukana kwa Kifaransa. Ami Khalfan si ami yangu wa damu. Alikuwa jirani wa mama tangu Unguja, mwalimu mstaafu, mkewe kafariki, watoto wote wako Maskati. Baiskeli alijifunza huko Unguja, kwenye baiskeli ya babake, miguu yake haifiki pedali, na hadithi hiyo tumeisikia mpaka tunaweza kuisimulia sie.

Aliyetuanzisha ni Mzungu mmoja, mhandisi wa barabara, na ndiye aliyetuwekea desturi ya kumalizia kwenye baa ya hoteli iliyo barabara kuu. Yeye akinywa bia zake, sie chai. Mwenyewe alipohamishwa akamwachia Ami baiskeli, na desturi ikabaki. Nadhani mkoa mzima wa Dakhiliya hakuna wengine wanaokwenda baa kunywa chai ya tangawizi, na baiskeli tunazificha nyuma ya jiko asije shemeji wa mtu akaziona.

Jana sikutaka kwenda. Nisidanganye. Wiki nzima ofisini tumehamisha makabati kutoka jengo la zamani, na nyumbani mtoto anaota meno, halali yeye wala hatulali sie. Lakini Ami alianza kupiga simu tangu mchana, mara kuuliza upepo, mara kuuliza kama nimetia upepo tairi. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje hapana?

Shikamoo Ami, marahaba, haya twende. Yeye mbele, sie nyuma. Ndivyo siku zote: mkubwa hutangulia, na hakuna anayempita hata kwenye mteremko. Tukashika njia ya Manah, tukaacha lami, tukaingia kwenye changarawe. Baridi ilikuwa inauma mpaka kwenye meno.

Kwenye mgunga mkubwa njia inagawanyika. Sie huenda kushoto, tukateremkia kwenye wadi, kwenye mchanga wa ule mto mkavu. Ami akaenda kulia.

Nasser akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyesema kitu. Nikajiambia labda kagundua njia ya mkato, na kwa kweli nilikuwa nimechoka hata kufikiri. Tukamfuata kama vifaranga.

Kulia ni mashamba, na shamba la kwanza jana usiku lilikuwa na zamu yake ya maji ya falaj, ule mfereji wanaogawana wenye mashamba. Mwenye shamba alishafungua mfereji, majani ya mifugo yote yamezama, maji yanameremeta kwenye taa yangu tangu mbali. Nikangoja Ami ashike breki. Hakushika. Aliingia mzimamzima, gurudumu la mbele likazama, mwenyewe akatua matopeni kwa kifua. Nasser naye akaingia nyuma yake. Mie nilisimama mguu mmoja nchi kavu, mmoja majini.

Mwenye shamba akaja na tochi na jembe. Nilidhani tutatukanwa mpaka kaburini kwa babu zetu. Badala yake akamwinua Ami, akamfunika shali lake, akatukalisha kwenye moto wake na kutumiminia kahawa, huku akiuliza kwa Kiarabu cha upole vipi mtu mzima asiyaone maji yote yale. Ami akamjibu kwamba taa yake imekufa njiani.

Nikaenda kuiokota baiskeli. Taa ilikuwa inawaka, inamulika mitende mpaka vileleni.

Nikaizima. Nadhani sikutaka yule bwana aione.

Tuliaga, tukaomba radhi, tukakokota baiskeli mpaka kwenye lami. Ami alisema goti linamuuma. Kwenye taa za barabarani akapanda, akaenda vizuri kabisa, na hapo ndipo moyo uliponishuka, kwa sababu sikuwa tena na njia ya kujidanganya.

Baa ilijaa Wazungu wanaotazama mpira. Mhudumu, Mgoa mmoja anayetujua, akatuletea chai bila kuuliza na kitambaa cha kukalia, kwa ajili ya viti vyake. Kule ndani taa ni hafifu. Ami akanyoosha mkono kuchukua gilasi, mkono ukapita pembeni, ukapiga bakuli la sukari likamwagika lote. Nasser, maskini, akasema Ami kalewa kabla ya kunywa. Ami hakucheka.

"Pale mgungani, mliona kama nimekosea njia?"

Nasser akaiinamia chai yake. Nikasema tuliona.

"Na mkanyamaza."

Nikamwambia yeye ndiye mkubwa wetu.

"Heshima gani hiyo, Badar, ya kunifuata matopeni?"

Nikaanza kuikusanya ile sukari kwa kiganja.

Ndipo akatuambia. Tangu Ramadhani, jua likizama haoni. Mchana hajambo, anasoma mpaka gazeti. Usiku alikuwa anakwenda kwa kukumbuka tu: mlio wa changarawe chini ya tairi, pale panapopanda, pale panapobonyea. Wiki hii greda limepita likaisawazisha njia, alama zake zote zikafutika. Watoto hajawaambia, kwa sababu watamchukua Maskati wamkalishe ghorofani mbele ya televisheni. Na sie hakutuambia kwa sababu tungeacha kumpigia simu, kwa adabu zetu zote, na yeye asingetulaumu.

"Mkiniacha nyumbani Jumatano," akasema, "mie wiki yangu haina kitu."

Nilikasirika. Nilimwambia angekufa, na sauti ilinipanda mpaka Wazungu wakageuka. Sijawahi kumpandishia sauti mtu wa umri wake. Na hapo hapo, Mungu anisamehe, kukanipitia wazo jengine: basi akiacha, Jumatano nitalala.

Nimeliandika. Limo humu.

Tulipotoka, Nasser akataka kumpigia binamu yake mwenye gari. Ami akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nikamwambia atapanda, kwa sharti moja: Jumamosi, wiki ya kazi ikianza, nachukua ruhusa, tunakwenda kwa daktari wa macho. Akakubali. Kisha akaisogeza baiskeli yake nyuma ya yangu.

"Haya, tangulia, mwanangu."

Barabara kuu ina malori, kwa hiyo kurudi mtaani tunapita njia ya nyuma, haina taa na ina mashimo kuliko njia. Miaka yote nimeipita nikitazama mgongo wa Ami. Jana mbele yangu kulikuwa kiza na upepo tu. Nikaanza kuita: shimo kushoto! Mchanga! Jiwe! Na nyuma yangu, kila nikiita, Ami akajibu: haya. Nasser akafunga msafara.

Kwenye kilima cha mwisho niliita, sikusikia kitu. Nikaita tena. Nikasimama, nikashuka, nikarudi nyuma na baiskeli nikiita jina lake kama kichaa. Alikuwa anakuja polepole, anahema, matope yamemkaukia ndevuni.

"Pumzi imenipungua, si masikio," akasema. "Wewe ita tu. Nikinyamaza ujue nakusikia."

Basi nikaita mpaka mlangoni kwake.

Nimechoka, jamani. Mtoto ndiyo huyo kaamka tena. Mke wangu kaniwekea asali na ndimu kwenye chai, anasema ninyamaze mpaka sauti irudi. Nitanyamaza. Jumatano nitaihitaji.